Maneno Kabla ya Nguo

Chai yake aliinywa akiwa amesimama. Kikombe kilikuwa cha bati, cha kijani, rangi imebanduka ukingoni. Alikishika kwa mkono wa kushoto huku ule wa kulia ukitafuta kazi: kunyoosha shuka, kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa, kuchomoa uzi kwenye kola ya mwenzake. Ukimwambia, "Sista, si ukae kidogo," alikutazama kama umemwambia ajilaze barabarani. Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja kwenye ile hospitali ya Kitale sikumwona akimaliza kikombe. Kila mara kulikuwa na mtu aliyeletwa.

Hospitali nzima tulimwita Sista, basi. Wengine walikuwa Sista fulani na Sista fulani. Yeye alikuwa mkuu wa chumba cha dharura, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira vya kiume, na viatu hivyo vikisikika koridoni hata madaktari walikatiza soga. Mimi nilikuwa muuguzi mpya kutoka chuoni, binti wa wakulima wa mahindi wa nje ya mji, wale ambao babu zao walitoka Mkoa wa Kati wakanunua ekari huku. Nilichagua uuguzi nikidhani kazi ni sindano na dawa. Hakuna aliyeniambia kwamba nusu ya kazi ni kuongea na watu walioko kwenye benchi. Ningeambiwa, labda ningesomea ukatibu. Silisemi hilo kwa mzaha.

Benchi lenyewe lilikuwa la mbao, refu, limeegemezwa ukutani nje ya mlango huo. Hapo ndipo walipokaa waliomleta mgonjwa. Wengi wetu tulipita mbele yao tukitazama chini, au tukitazama faili, au tukitembea haraka kama watu wanaokwenda kuzima moto. Sista alikuwa na desturi yake. Mgonjwa akiwa mahututi, kila baada ya robo saa alitoka, akachutama mbele ya benchi mpaka uso wake uwe chini kidogo ya nyuso zao, akasema, "Nimekuja kuwaambia sina la kuwaambia. Bado tuko naye. Nitarudi." Kisha akainuka, magoti yakilia, akarudi ndani. Baada ya robo saa nyingine, maneno yaleyale.

Kuna siku mfanyabiashara mmoja wa viazi, mtu wa kwetu, aliyemleta kaka yake, alimjia juu.

"Sasa mama, kama huna habari, si ukae huko ndani ufanye kazi? Unatusumbua roho bure."

"Baba, nikikuacha hapa na huu ukuta, utaanza kuongea na ukuta," Sista alimjibu. "Na ukuta ni mwongo sana."

Yule bwana alirudi kwenye benchi. Baadaye nilimwona akitazama saa, na robo saa ilipopita bila viatu vya mpira kusikika alisimama akachungulia mlangoni, akiuliza, "Yule mama wa kutosema kitu yuko wapi?"

Alikuwa mkali juu ya maneno kuliko juu ya sindano. Maneno fulani aliyapiga marufuku. Usimwambie mtu "tunajaribu kadri ya uwezo wetu". Hayo aliyaita maneno ya kufungia mlango. Usiseme "tusubiri tuone", kwa sababu wewe utaona na yeye hataona. Na mtu akiwa amekufa, sema amekufa. Hili la mwisho lilinitia hofu, maana nyumbani kwetu hatusemi hivyo. Tunazunguka, tunasema ametuacha, ameitwa. Lakini nilikuwepo siku daktari mmoja kijana alipotoka na kumwambia mama mmoja wa Bumula kwa sauti ya upole, "Mama, hali ya mzee imebadilika." Mama akapiga makofi mawili, akasema Bwana asifiwe, akaanza kufunga kanga yake aende kumwona. Sista alimshika mkono mlangoni. Akamkalisha, akachutama, akamwambia neno lenyewe. Kilio kilichotoka hapo sijakisahau. Kisha akaingia ndani na kumwambia yule daktari mambo ambayo siwezi kuyaandika, mbele yetu sote, mpaka kijana wa watu akaenda kujifungia chooni.

Ndiyo, alikuwa hivyo. Wageni aliwabeba kama mayai, sisi wenzake alitutupa kama magunia. Nililia mara nyingi kwa sababu yake, na si kilio cha heshima. Aliwahi kunivua glavu mikononi mbele ya mgonjwa kwa kuwa nilizivaa polepole. Aliwahi kuniambia, "Wewe msichana, una mikono mizuri na mdomo wa kufungia barua." Nilikaa wiki nzima nikiyatafakari hayo, kwa maana yalikuwa kweli. Nilikuwa naogopa watu wa benchi. Nilijua kutafuta mshipa gizani, lakini mama wa mtu akinitazama machoni nilikumbuka ghafla kwamba kuna kitu nimesahau stoo.

Kwake hakukuwa na maneno kabisa. Walikuwa na nyumba ya kupanga upande wa pili wa mji, yeye na mume wake, mwalimu mstaafu tuliyemwita Mwalimu tu, mtu mrefu mpole aliyependa redio na mihogo ya kuchemsha. Nilikwenda huko mara kadhaa siku za mapumziko. Sista alikuwa akiingia na kutoka, akifua kilichokwisha kufuliwa, asiseme lolote. Mwalimu ndiye aliyenikaribisha.

"Karibu, mwanangu. Usimngoje huyo aongee," aliniambia siku moja, akicheka. "Maneno yote anayaacha huko kwenu. Hapa analeta miguu tu."

"Huoni haya kunisema na mimi niko hapa?" Sista alipaza sauti kutoka uani.

"Umesikia? Hayo ndiyo maneno ya leo. Shukuru umeyapata."

Nakumbuka kitu kimoja kidogo cha nyumba ile. Nyuma ya mlango wa sebuleni kulikuwa na viatu vya Mwalimu vya kwendea kanisani, vyeusi, vimepigwa rangi, na ndani ya kiatu cha kushoto mkanda wake umezungushwa vizuri, kama nyoka aliyelala. Nilidhani ni mambo ya walimu. Niliviona viatu vile mara tatu au nne, na sikuunganisha na chochote.

Sasa nifike kwenye nguo, maana nimekuwa nikizunguka.

Katika chumba chetu cha dharura nguo za mgonjwa hazikukunjwa. Shati lenye damu, suruali yenye tope, koti, vyote vilitupwa kwenye kiti kando ya kitanda vikae hivyo hivyo. Mkaguzi akija alilalamika juu ya uchafu, na Sista alimsikiliza kwa adabu, kisha hakubadilisha kitu. Aliniambia sababu wiki yangu ya kwanza. Kwa watu wengi wa huku, hasa wanaotoka Bungoma, nguo za mgonjwa zikitoka zimekunjwa kabla ya mwenyewe kutoka, mambo yamekwisha. Hakuna haja ya kuambiwa. Anayepewa huo mfuko anaanza kulia akiwa bado ameushika. "Nguo iliyotupwa kitini inamngoja mwenyewe," alisema. "Maneno kwanza. Nguo baadaye." Nikaitikia ndiyo Sista. Nilisikia kwa masikio. Lakini mimi nililelewa na mama anayekunja hata gunia tupu, na kwetu nguo ni nguo. Ikichafuka inapelekwa kufuliwa.

Mwezi wa pili wa kazi yangu aliletwa mtu wa Bokoli, huko Bungoma. Alikuwa amekuja Kitale kuchukua mahindi, na trela la trekta likampindukia nje kidogo ya mji. Aliletwa adhuhuri akiwa hajitambui, mguu umevunjika, tumbo limevimba kwa damu iliyokuwa ikivujia ndani. Daktari wa upasuaji hakuwepo. Usiku ukapita hivyo. Asubuhi mke wake akafika na shemeji yake, wakakaa kwenye benchi, na Sista akaanza safari zake za robo saa. Saa nne hivi mambo matatu yalitokea kwa pamoja: Sista aliitwa haraka kwa mtoto aliyeungua kwa uji, daktari wa upasuaji akaingia, na mgonjwa akasukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Nilirudi kitandani nikakuta pamebaki mfuko wa karatasi juu ya kiti. Ndani mlikuwa na nguo zake. Zimekunjwa. Suruali, shati, koti la kahawia lenye kiraka cha ngozi kiwikoni, na viatu, mkanda umezungushwa ndani ya kimoja.

Nilifikiri, afadhali, kuna mtu amepanga. Nilifikiri, mama akafue hii damu kabla haijakauka. Nikautoa nje. Mke wake alinyoosha mikono yote miwili kuupokea, nakumbuka, mikono yote miwili kama anayepokea ushirika kanisani.

"Sista, hii ni nini?" aliniuliza.

"Ni zake," nikasema. "Peleka nyumbani."

Nikageuka nikaondoka haraka, kwa sababu alinitazama machoni.

Maneno manne. Ningeongeza manne mengine tu, kwamba mume wako anafanyiwa upasuaji, mambo yangekuwa mengine. Nilisikia kilio nyuma yangu na, Mungu anisamehe, sikugeuka. Kwenye benchi lile kilio kilikuwa cha kila siku. Shemeji alikuwa tayari na simu, moja ya zile simu nene za mwanzo. Saa moja na nusu baadaye Sista alitoka kuwaambia mgonjwa yuko mezani na moyo unapiga vizuri, akakuta benchi tupu. Aliniuliza wako wapi. Nilimweleza. Alisimama. Huyu mtu ambaye hakuwahi kusimama bila kufanya kitu alisimama katikati ya korido, mikono imening'inia. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

Tulikwenda Bokoli mchana uleule. Dereva wa ambulensi alijitolea kutupeleka, Sista akakataa. "Tukiingia na hiyo watapanga mstari kupokea mwili." Tukapata gari la mkate lililokuwa likishuka kuelekea Webuye, tukakaa mbele na dereva. Sista alipiga goti lake kwa ngumi, taratibu, kilomita baada ya kilomita.

Turubai lilikuwa limeshafungwa. Moto wa matanga umewashwa, ng'ombe amechinjwa, wanawake wanafika kwa makundi wakilia kutoka barabarani. Mwenye ng'ombe alikuwa hai Kitale, ameshonwa tumbo. Sista aliingia katikati ya ule uwanja na sare yake, akachutama mbele ya mke wa mgonjwa aliyekuwa chini kwenye mkeka, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mume wako hajafa. Amefanyiwa upasuaji, na nilipomwacha alikuwa anapumua. Kosa ni letu. Nguo nilizikunja mimi."

Hakuna aliyeshangilia. Nilidhani watashangilia. Watu walitutazama kama wametukanwa. Kaka mkubwa wa yule mtu ndiye aliyeongea, na hakuongea kwa hasira.

"Sista, sasa sisi tumesharia. Haya machozi tutarudisha wapi?"

"Hata mimi sijui, papa."

"Na ng'ombe?" mzee mmoja aliuliza. "Si ameshakufa? Tutamkura kwa jina la nani?"

"Mleni," Sista alisema. "Mwenyewe akirudi mtamwambia nyama ilikuwa tamu."

Wachache walicheka, wakajutia kucheka. Wazee wakajitenga kushauriana, maana mtu aliyeliliwa matanga hawezi kurudi tu akaingia mlangoni kwake kama anatoka sokoni. Hapo ndipo tulipoitwa ndani. Mama mzazi wa yule mtu alikuwa amelala kitandani, upande mmoja wa mdomo umelegea, mkono mmoja hauna nguvu. Alianguka ilipoingia simu ya kwanza. Sista alimwambia mara tatu kwamba mwanawe yu hai, polepole, kwa lugha yao ya Kibukusu, akimshika kidevu. Jicho moja lilimfuata. Hatukujua kama alielewa.

Yule mtu alirudi nyumbani kwa magongo. Mama yake alikufa kabla ya mavuno. Hilo ndilo kosa langu, na sijaliandika popote mpaka leo.

Mbele ya uongozi wa hospitali, Sista alirudia yale aliyoyasema Bokoli: nguo nilizikunja mimi, kosa la chumba changu ni langu. Alipewa barua ya onyo, nami sikupewa kitu. Wote tulielewa hivi: mtu asiyesema uongo alisema uongo mmoja, na aliusema kunikinga mimi. Sikujua nani aliyekunja. Nilimshuku mwenzangu wa zamu, na kadiri miezi ilivyopita nikaanza kujiona mimi mwenyewe nikikunja lile koti la kahawia, nikihisi kiraka cha ngozi vidoleni. Shukrani yangu kwake iligeuka mzigo. Nilijifunza kuongea kwa sababu ya mzigo huo. Nilianza kutoka kwenye benchi, nikichutama, nikisema sina la kuwaambia. Alinipita siku moja nikiwa nimechutama hivyo, akasema bila kusimama, "Magoti yatazoea."

Kuna jambo moja tu ambalo sikulielewa. Mwaka uliofuata yule mtu wa Bokoli alikuja. Anachechemea, amevaa koti lake la kahawia, kwapani ana jogoo mwekundu. Alitaka kumwona Sista mwenyewe, ampe jogoo, aseme asante. Nilikimbia kumwita. Nilimkuta stoo ya mashuka, amesimama gizani, mlango ameurudisha.

"Mwambie nimeenda mkutano," alisema.

"Sista, ni yule wa Bokoli. Amekuja kushukuru. Ana jogoo."

"Hukusikia? Nimesema nimeenda mkutano."

Nilikwenda nikamwambia hivyo. Yule mtu aliketi kwenye benchi kwa saa mbili akimngoja, kisha akaniachia jogoo. Sista aliagiza jogoo apelekwe kwa mpishi wa wagonjwa. Hakumgusa, hakuonja mchuzi. Mtu anayemkimbia mgonjwa aliyepona, sikuwahi kuona. Nilifikiri ni majivuno. Kwa muda mrefu nilimchukia kidogo kwa jambo hilo.

Alistaafu. Wakarudi kwao Bumula, yeye na Mwalimu, wakapanda mihogo. Mimi nikahamishiwa hospitali moja ya Bungoma, na mwishoni nikawa mkuu wa chumba cha dharura. Tulipigiana simu sikukuu za Krismasi. Aliuliza, "Benchi lina watu?" nami nikajibu, "Limejaa," naye akasema, "Haya, nenda."

Mara ya mwisho nilipofanya naye kazi, kama ilikuwa kazi, ni siku alipokuja na pikapu ya jirani, Mwalimu amelazwa nyuma juu ya gunia. Alikuwa ameanguka shambani saa nne asubuhi. Tulimwingiza. Moyo ulikuwa unapiga vibaya, unaruka, unangoja, unaruka. Nilifanya yote niliyofundishwa, na mengi nilifundishwa na mkewe. Tulimvua nguo, tukamwekea hewa, dawa, daktari akaja. Nilipotoka mara ya kwanza nilimkuta Sista kwenye benchi. Alikuwa amekaa.

Hilo lilinishtua kuliko moyo wa Mwalimu. Alikuwa amekaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Nilichutama.

"Sista, nimekuja kukuambia sina la kukuambia. Bado tuko naye."

"Najua. Rudi kazini." Nilipoinuka akauliza, "Dakika ngapi?"

"Kumi na tano."

"Ninahesabu, eh?"

Nilipotoka mara ya pili nilikuwa bado sina jipya. Nilisema maneno yangu. Alikuwa akiutazama mlango nyuma yangu, na bila kunitazama akasema, "Yule mtu wa Bokoli. Nguo nilizikunja mimi."

"Najua ulisema hivyo, Sista. Ulinikinga. Sijawahi kukushukuru."

"Wewe msichana, tangu zamani husikii." Sasa alinitazama. "Nani alikukinga? Nilizikunja mimi. Nilimwangalia pale kitandani nikaona huyu ameenda. Nikaanza kukunja. Anapumua, mimi nakunja. Mpaka mkanda nikauweka kwa kiatu. Ndiyo wakaniita kwa yule mtoto wa uji, nikaziacha hapo."

Nikaviona viatu nyuma ya mlango wa sebuleni kwao, na mkanda uliolala ndani.

"Miaka yote hii," nikasema. "Nimedhani... Sista, miaka yote hii!"

"Nilisema siku hiyohiyo, mbele ya watu. Nikasema tena kwa wakubwa. Nyinyi ndio mliamua ati ni wema."

Nilikasirika. Naandika ukweli: mume wake anapigania pumzi upande wa pili wa ukuta, nami nilitaka kumpigia kelele. Mama wa Bokoli nilimbeba peke yangu miaka yote, nikimwombea kila Jumapili, kumbe tulikuwa wawili. Angeniita pembeni mara moja tu. Angesema, msichana, sikiliza vizuri. Mtu aliyejua kumwambia kila mtu kila kitu.

"Na jogoo?" nikauliza, sijui kwa nini hilo ndilo lililotoka.

"Ningemla namna gani? Anakuja kunishukuru, na mimi nilishamzika."

Niliinuka nikarudi ndani, magoti yakilia kama yake. Daktari alitikisa kichwa kidogo aliponiona. Pumzi za Mwalimu zilikuwa zimeanza kuchelewa. Nikasogea upande wa kichwa kumrekebishia hewa, na mguu wangu ukagusa kitu chini ya kiti. Ulikuwa mfuko. Ndani suruali ya shamba imekunjwa mara nne, koti juu yake, na viatu, na ndani ya kiatu cha kushoto mkanda umezungushwa.

Hapakuwa na muuguzi mwingine upande ule wa kitanda. Nilizikunja mimi. Saa ngapi, sijui. Huenda ni pale daktari alipokuwa akipima, nami nikisubiri. Mikono yangu ilifanya kazi yake na macho yangu yakitazama pengine. Mikono ilikuwa imeshajua, na haikuniambia.

Nilizitoa. Nilikunjua suruali nikaitupa kwenye kiti, nikatupa koti juu yake, nikautoa mkanda kiatuni ukaning'inia. Kisha nikatoka nikachutama kwa mara ya tatu.

"Sista, bado anapumua. Lakini kila pumzi inachelewa kuliko iliyotangulia, na sidhani zimebaki nyingi. Njoo ukae naye."

Aliingia. Kabla ya kumtazama Mwalimu alikitazama kiti. Suruali ilikuwa na mikunjo minne, mistari iliyonyooka kama ya pasi, mtu yeyote angeiona.

"Ulizikunja," alisema.

"Ndiyo."

"Ukazikunjua."

"Ndiyo, Sista."

"Haya."

Akavuta stuli, akakaa, akachukua mkono wa mume wake. Akaanza kuongea naye. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Alimweleza juu ya mihogo, juu ya jirani na pikapu yake, juu ya redio aliyosahau kuizima ikawa inaongea yenyewe nyumbani. Maneno ya miaka yote ambayo Mwalimu alisema huachwa kwetu. Aliongea karibu nusu saa. Pumzi ya mwisho ilipotoka, nyingine haikuifuata. Niliona kuwa ameona. Alikuwa ameona wengi kuliko mimi. Lakini aliugeuza uso wake kwangu akangoja.

"Niambie," alisema.

"Sista, si umeona mwenyewe..."

"Niambie. Leo mimi si sista."

Nikachutama mbele ya stuli mpaka uso wangu ukawa chini kidogo ya wake.

"Mwalimu amekufa."

Alilia. Alilia kwa sauti, kama mama wa Bumula, kama mtu yeyote wa benchi, nami nilibaki nimechutama nikimshika magoti, sikukumbuka kitu chochote stoo. Ilichukua muda. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kiti.

"Sasa leta nguo."

Tulizikunja pamoja juu ya miguu ya kitanda, mimi suruali, yeye koti. Mkanda nilimwachia. Aliuzungusha polepole, akauweka ndani ya kiatu cha kushoto.